Nilivyoupeleka Mgongo Wangu Dar: Uzoefu Wangu na Kairopraktiki

Mgongo wangu una miaka kumi na moja ya kuanika dagaa. Anayeijua kazi hii hahitaji maelezo. Boti zinaingia Kibirizi, hapa kwetu Kigoma, alfajiri, unanunua, unabeba, unatandaza, halafu kutwa nzima umeinama unageuza. Siku za giza ndizo za neema, maana dagaa wa Ziwa Tanganyika hufuata taa. Mbalamwezi ikikomaa wavuvi wanapumzika, nasi tunapumzika. Kwa hiyo maumivu yangu yalikuwa na kalenda yake: siku za giza yanawaka, siku za mbalamwezi yanapoa. Mwanzoni mwa 2024 hata mbalamwezi haikusaidia tena. Nikikaa nashindwa kuinuka, nikiinuka nashindwa kukaa.

Nilijaribu ya kujaribu. Kuna mzee mmoja Ujiji, mkandaji wa siku nyingi, alinikanda kwa mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, yaliyopashwa moto, jioni tatu mfululizo, na kila nilipoguna ananiambia, "Vumilia mwanangu, mshipa umejikunja." Nililala vizuri siku hizo. Vidonge vya maumivu nilimeza hadi tumbo likaanza kunidai. Nikanunua na mkanda wa kiuno, ule mpana wenye vyuma, nikauvaa kama askari. Mkanda huo nitaurudia.

Tarehe 15 Mei 2024 ziwa likafungwa kwa miezi mitatu, hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Wengi tulinung'unika. Mimi nilinung'unika nikifunga begi, kwa sababu mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam alikuwa amenipigia: "Dada, njoo. Huku kuna watu wanavunja mgongo unasikia kwaa, unatoka umenyooka." Nikapanda treni, behewa la kulala, kitanda cha chini. Basi ni haraka zaidi, ila kwa mgongo ule nisingemaliza hata njia ya Tabora nimekaa. Tabora nilinunua asali dirishani nikiwa nimelala ubavu. Muuzaji akadhani najifungua.

Sasa huduma yenyewe. Kwanza jina, maana hata mimi nililisikia vibaya: kairopraktiki. Ni tiba ya mikono kwa mgongo na viungo, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1895 na Daniel David Palmer, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa. Mgonjwa wake wa kwanza, Harvey Lillard, alikuwa mfanya usafi mwenye uziwi, na Palmer alidai kumrudishia usikivu kwa kusukuma pingili ya mgongo. Toka hapo akahubiri kwamba karibu magonjwa yote yanatokana na pingili zilizohama mahali pake. Nawaeleza historia hii kwa sababu niliikuta ikiwa hai kabisa kwenye kliniki ya kwanza niliyoingia.

Kliniki hiyo siitaji. Ukutani pana bango: mgongo, presha, pumu, ugumba, watoto wanaokojoa kitandani. Mpokezi alinipa karatasi ya malipo kabla sijapewa kiti: mara ishirini na nne, shilingi 1,200,000, ukilipa yote mapema unapunguziwa. Yule mtaalamu aliniangalia mabega dakika mbili, akasema shingo yangu imepinda na ndiyo inayovuta kiuno, nilale aivunje. Hakuniuliza hata naumwa wapi, wala tangu lini. Nikasema naenda kuchukua pesa kwenye simu. Nikaondoka, na nilitembea haraka kuliko nilivyotembea mwezi mzima.

Mtoto wa kaka yangu ni tabibu. Nilipomsimulia alicheka, halafu akawa makini. "Shangazi, presha na ugumba hazitibiwi kwa kuvunja mgongo, hakuna ushahidi wa maana wa hilo. Kiuno, sawa. Tafuta anayekuuliza maswali kabla ya kukugusa." Alinitafutia mwingine, Mtanzania aliyesomea nje. Akaniambia nimuulize alisoma miaka mingapi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unataka mafunzo kamili ya kairopraktiki yasipungue saa 4,200, siyo semina ya wiki mbili. Nilimuuliza kwa aibu. Hakukasirika, alinionyesha cheti.

Huyu alitumia karibu nusu saa bila kunigusa. Haja ndogo unaihisi, unaizuia? Una ganzi sehemu zile zinazogusa tandiko ukipanda baiskeli? Mguu unakosa nguvu, unaburuza kandambili? Homa za jioni, jasho la usiku, kilo zimepungua? Umewahi kutibiwa kansa, au TB, wewe au mtu mnayekaa naye? Unakunywa maziwa mabichi? Umeanguka? Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Nikamuuliza, daktari, maziwa yanahusianaje na kiuno? Akanieleza kwamba brusela, ule ugonjwa wa mifugo, unaweza kukaa kwenye uti wa mgongo ukaja na maumivu kama yangu, na kifua kikuu nacho kinaweza kula pingili polepole. Ukiukandamiza mgongo wa namna hiyo kwa nguvu unauvunja kweli. Na ganzi ya tandiko pamoja na mkojo usiozuilika ni dharura ya hospitali siku hiyohiyo, siyo jambo la kukandwa. Hapo nikamkumbuka mzee wangu wa Ujiji. Mikono yake simlaumu, mikono ile ni ya dhahabu. Ila hakuna siku aliyoniuliza habari za mkojo.

Baada ya maswali akanigonga magoti kwa kinyundo cha mpira, akanyanyua mguu mmoja mmoja ukiwa umenyooka, akanitembeza kwa vidole vya miguu na kwa visigino. Nilitaka picha, maana sisi bila picha hatujaamini kama tumepimwa. Akakataa. Alisema mtu wa umri wangu akipigwa picha ataonekana ana pingili zilizochakaa, lakini hata wenzangu wasioumwa chochote wanaonekana hivyohivyo, kwa hiyo picha ingenitisha tu bila kubadili tiba. Pesa ya X-ray ilibaki kwenye pochi.

Kisha kuvunjwa kwenyewe. Nililala ubavu, goti la juu limekunjwa, mkono wake mmoja begani, mwingine kwenye nyonga. Akasema, "Mama, pumua, toa." Nilipotoa pumzi akasukuma kidogo, haraka sana. Kwaa! Kama kuni kavu ya mwembe. Niliogopa zaidi ya nilivyoumia. Nikamuuliza, mfupa umerudi mahali pake? Akacheka, akasema haukuwa umeenda popote. Mlio ule ni hewa iliyomo kwenye ute wa kiungo, sawa na unapovunja vidole. Usipolia haina maana tiba imeshindikana, na ukilia haina maana umepona. Nilimpenda kwa jibu hilo, ingawa mdogo wangu alivunjika moyo, alitaka mfupa uwe umerudi.

Niliinuka nikiwa mwepesi. Usiku ule na kesho yake kiuno kikauma kama nimebeba magunia, siku ya tatu kikatulia. Alikuwa ameniambia mapema: karibu nusu ya wanaotibiwa hivi wanapata maumivu madogo ya siku moja au mbili. Nilikwenda mara sita kwa wiki nne. Ya kwanza shilingi 50,000, zilizobaki 40,000 kila moja, jumla 250,000. Baada ya mara ya nne nilianza kuinama kuchukua kandambili bila kushika ukuta.

Je, ni mikono yake iliyoniponya? Hapa nisiwadanganye. Nilikuwa likizo ya lazima, sijaanika hata kibaba, na nililala kwenye godoro la mdogo wangu lililo bora kuliko langu. Utafiti uliokusanya majaribio 26 na kuchapishwa mwaka 2017 kwenye jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, ulikuta kwamba kwa maumivu mapya ya kiuno, tiba hii hupunguza maumivu kwa wastani wa pointi 10 kwenye kipimo cha pointi 100, ndani ya wiki sita. Unafuu upo, lakini si muujiza wa kwenye video. Kwa maumivu sugu kama yangu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 umeitaja miongoni mwa tiba zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Mwongozo huohuo haushauri mikanda ya kiuno. Wangu ulikuwa shilingi 35,000. Sasa unafungia jenereta ya jirani.

Shingo alikataa kuigusa. Nilimwomba mwenyewe, nikiona ndipo thamani ya pesa ilipo, akaniambia siumwi shingo, kwa nini aivunje? Akanichorea: mishipa ya damu inayopanda ubongoni inapita ndani ya pingili za shingo, na msukumo wa ghafla wa kuzungusha kichwa umehusishwa na kuchanika kwa ukuta wa mishipa hiyo, ambako kunaweza kuleta kiharusi. Ni nadra sana. Na wataalamu bado wanabishana, kwa kuwa mtu ambaye mshipa umeshaanza kuchanika huja tayari akiumwa shingo na kichwa. Lakini nadra yenye kiharusi ndani yake mimi siinunui.

Kilichonisaidia zaidi nakiona kilikuwa bure: mazoezi mawili aliyonipa, la kulala chali na kunyanyua kiuno, na la kupiga magoti na mikono nikanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto. Nayafanya kwenye mkeka kabla ya chai. Baadaye nikagundua mfiziotherapia, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali, hufundisha hayohayo kwa pesa ndogo zaidi, na nikajiona mjinga kusafiri zaidi ya kilomita 1,200. Anayeishi mikoa ya kwetu aanzie huko. Na kubwa kuliko yote, aliniuliza naanika kwa urefu gani. Nikamwonyesha kwa mkono: chini kabisa. Akanyamaza tu, akaniangalia.

Ziwa lilipofunguliwa Agosti nilikuta fundi amenitengenezea vichanja vya miti na nyavu, urefu wa kiunoni. Dagaa hawana mchanga, wateja wa Dar wanawapenda zaidi, nami nageuza nimesimama. Siku za giza kiuno bado kinauma kidogo jioni. Ningerudi kwa yule wa pili? Kwa kiuno, ndiyo, kikinikamata tena nikiwa Dar. Kwa nauli ya makusudi, hapana. Yule wa kwanza bado ananitumia meseji za ofa.

Kuna jambo la hapahapa nyumbani linalonisumbua kuliko kliniki zote. Vijana wakimaliza kunyolewa saluni, kinyozi anawashika kidevu na kisogo, anazungusha, kwaa kulia, kwaa kushoto, bila kuuliza. Jumamosi mwanangu alirudi amenyoa vizuri kweli. Kabla hajaketi nikamuuliza, "Shingo wamekugusa?" Akasema, "Mama, hata kunisifia kwanza?"