KoboCollect kwa vikundi vinavyotembelea wazee Mombasa: inafaa wapi, inavuja wapi

Vikundi vingi vya kujitolea, kuanzia Likoni hadi Kisauni, huendesha kazi kwa daftari moja na kikundi kimoja cha WhatsApp. Daftari lina majina, namba za vitambulisho, magonjwa na jina la anayemlea mzee. WhatsApp ina picha za vyumba vyao, na kila mwanachama ana nakala simuni mwake, hata yule aliyeacha kuja zamani. Ujumbe wa WhatsApp hulindwa ukiwa njiani tu. Ukishafika, usalama wake ni usalama wa simu ya aliyeupokea.

Kwetu pwani jambo hili ni zito. Upande wa Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo kuna shamba linalogombewa. Orodha inayosema bibi fulani anaishi peke yake, na nyumba yake ni ile, ni silaha ikiangukia mkono mbaya. Kwa jicho hilo ndiyo tunaipima KoboCollect.

Ni apu ya kujaza fomu kwenye simu za Android, haina malipo kuipakua, na hufanya kazi pamoja na tovuti ya KoboToolbox, mfumo uliotokana na Harvard Humanitarian Initiative, kitengo cha masuala ya misaada ya kibinadamu cha Chuo Kikuu cha Harvard. Mwenye iPhone hana apu hii. Atajaza fomu kwa kiungo cha tovuti. Faida inayoonekana mara moja ni kwamba haihitaji bando ukiwa kwa mzee. Fomu inapakuliwa mapema kwenye Wi-Fi, inajazwa bila mtandao, inatumwa baadaye.

Faida kubwa zaidi ni ruhusa, na hapo ndipo vikundi vingi hujiharibia. Watu hufungua akaunti moja, nenosiri moja, wakagawana wote. Matokeo yake yeyote mwenye nenosiri anaingia kwenye tovuti na kusoma kila kitu cha kila mzee. Njia sahihi ni kila mtu awe na akaunti yake, na mwenye mradi ampe ruhusa ya "Add submissions" peke yake: anatuma, hasomi za wenzake. Msimamizi wa mtaa anaweza kupewa ruhusa ya kuona fomu za watu wake tu, kwa kutaja majina ya akaunti zao. Zima pia kipengele kinachoruhusu kutuma bila kuingia kwa nenosiri, la sivyo yeyote mwenye kiungo atakujazia takataka.

Kosa la kawaida siku ya kwanza: apu inakataa nenosiri ambalo ni sahihi. Sababu huwa ni seva, yaani kompyuta ya mbali inayohifadhi akaunti na fomu. KoboToolbox ina seva ya kimataifa na ya Ulaya, kila moja na anwani yake, na akaunti ya upande mmoja haijulikani upande wa pili. Tumia msimbo wa QR wa mradi badala ya kuandika anwani kwa mkono, shida itaisha.

Sasa simu yenyewe, ambayo ndiyo inayovuja. Fomu iliyohifadhiwa kama rasimu hubaki simuni ikisomeka. Iliyotumwa nayo hubaki, mpaka uwashe "Delete after send" kwenye mipangilio ya fomu. Washa hiyo na kipengele cha fomu kujituma mara mtandao unapopatikana, kisha funga mipangilio kwa nenosiri la msimamizi ili asije mtu akazima. Weka kanuni kwamba rasimu hailali: mzee aliyetembelewa leo, fomu yake inakamilishwa leo. Simu isiyo na PIN ya skrini isipewe fomu kabisa.

Mfumo unaruhusu kufunga fomu, yaani kuisimba isisomeke bila ufunguo, kwa jozi ya funguo za kidijitali za RSA za biti 2048. Ufunguo wa umma, unaofunga tu, unawekwa ndani ya fomu, ule wa siri, unaofungua, unabaki kwenu. Ulinzi wake ni wa kweli, lakini una masharti mawili. Kwanza, hufanya kazi baada ya fomu kukamilishwa, kwa hiyo rasimu haimo, na fomu ikishakamilika hairekebishiki tena simuni. Pili, ufunguo wa siri ukipotea, data imepotea, na hata wenye KoboToolbox hawawezi kuwasaidia. Ushauri wetu: usifunge kila fomu. Funga ile ya kuripoti madhara tu, na ufunguo ukae kwenye flash mbili, kwa viongozi wawili, nyumba mbili tofauti.

Lakini hakuna kufuli linaloshinda kutouliza. Namba ya kitambulisho haihitajiki. Swali la GPS liondoe, na la picha pia, kwa sababu picha yenyewe yaweza kubeba mahali ilipopigwa kama kamera imeruhusiwa. Jina lisiingie kwenye fomu. Tumia namba, mathalani LK-014, na daftari la kuoanisha namba na majina likae kabatini kwa kufuli, mikononi mwa watu wawili. Atakayeiba data bila daftari atakuwa na namba tupu. Angalieni na sehemu ya maelezo ya wazi: huko ndiko majina hurudi kimyakimya, "mwanawe fulani, fundi wa tuktuk, ndiye anayemnyima". Iwekeeni onyo juu yake.

Maswali yenyewe ndiyo yanayostahili muda mwingi kuliko mipangilio yote. Muulize bibi "unatunzwa vizuri?" naye mkaza mwana yuko mlangoni akisikiliza, jibu utakalopata ni "alhamdulillahi". Kwa hiyo swali la kwanza linajazwa na mtembeleaji bila kumuuliza mtu: ni nani aliyekuwa karibu wakati wa mazungumzo? Hakuna, mlezi, jirani, watoto. Jibu la kila swali lingine litasomwa kwa jicho la hilo la kwanza. Kisha uliza mambo ya kushikika. Jana mchana ulikula nini? Dawa zako ziko wapi, naweza kuziona? Pesa za Inua Jamii zikiingia, nani huenda kuzichukua, nazo hukufikia shilingi ngapi? Kitambulisho chako unakiweka wapi? Mzee wa miaka 70 na zaidi aliye kwenye Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee pesa, hupangiwa shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa hiyo hesabu isiyolingana inaonekana bila kumtuhumu mtu. KoboCollect husaidia hapa kwa mantiki ya kuruka maswali: ukijaza kwamba mlezi yupo, maswali ya pesa yanafichwa na fomu inakukumbusha kurudi siku nyingine.

Dalili za hatari ya sasa hivi, yaani majeraha, mzee aliyefungiwa, vitisho vya kuuawa, hazisubiri fomu. Hapo ni simu kwa kiongozi aliyeteuliwa, polisi au hospitali. Kwa ukatili wa kijinsia kuna namba 1195, na Hospitali Kuu ya Pwani ina kitengo cha kuwahudumia waathiriwa. Fomu hujazwa baadaye.

Upande wa sheria: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka afya, hali ya ndoa na majina ya jamaa kwenye fungu la data nyeti, na data nyeti ikitoka Kenya inahitaji ridhaa ya mwenyewe pamoja na uhakika wa ulinzi huko iendako. Seva za KoboToolbox ziko nje. Basi ridhaa isomwe hivi, taratibu: "Bibi, haya unayoniambia nitayaandika kwa namba, si kwa jina lako. Yatawekwa kwenye kompyuta iliyo nje ya Kenya. Watakaoyasoma ni watu wawili. Ukitaka tuyafute, tuambie wakati wowote. Ukikataa, tutaendelea kukutembelea vile vile." Mzee aliyepoteza kumbukumbu asisemewe kiholela na mlezi ambaye huenda ndiye anayemdhuru, ila sheria inaruhusu kutumia data bila ridhaa pale inapolazimu kuokoa maisha yake. Kikundi kidogo chenye waajiriwa chini ya 10 na mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka kwa kawaida hakilazimiki kujisajili kwa Kamishna wa Data, isipokuwa kwa kazi kama za utoaji wa matibabu. Sheria yenyewe bado inakihusu.

Kwa kikundi cha watu 4 wanaotembelea nyumba chache mtaa mmoja, apu hii ni mzigo. Daftari la namba na kabati la kufuli vinatosha. Kuanzia mitaa miwili na watembeleaji kumi hivi, hatujaona kitu cha bure kinachoipita.

Simu ikiibwa kwenye matatu au ikizama feri: mwenye mradi aondoe ruhusa ya akaunti ile, na mwenye akaunti abadilishe nenosiri lake, saa hiyo hiyo, kisha simu ifutwe kwa mbali kupitia akaunti ya Google ya mwenyewe. Mtembeleaji ataje rasimu zilizokuwamo. Kama kuna hatari ya kweli kwa wahusika, Kamishna wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72. Wazee nao waambiwe, na anayekwenda awe mmoja wa wale wawili wa daftari, ana kwa ana. Asipige simu, kwa sababu matapeli nao hupiga wakijifanya maofisa, na mzee hana njia ya kuwatofautisha.