Uzoefu wangu: simfoni ya ukoo wa Borgia bila fidla hata moja

Nilinunua tiketi ya tamasha hili mjini Valencia, Hispania, kwa euro 15. Mimi niliyekulia Dar es Salaam nikiyajua matarumbeta ya harusini, nilikuwa na shaka kama okestra ya ala za kupuliza ingeweza kuubeba mkasa mzito wa Borgia. Mahali penyewe palistahili, kwani ukoo huo ulitoka Xàtiva, katika ufalme wa Valencia, kabla ya kutoa mapapa wawili: Calixtus III mwaka 1455, na mpwa wake Rodrigo, aliyechaguliwa mwaka 1492 akajiita Alexander VI. Tena huku bendi za kupuliza zimeota mizizi, na mashindano yao makubwa yalianza mwaka 1886.

Sehemu ya kwanza, inayohusu uchaguzi wa papa, ilinichosha kwa tarumbeta na tromboni zilizoshindana kwa kelele.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonisahaulisha bei ya tiketi. Inasimulia usiku wa Juni 1497, ambapo Juan, mtoto wa papa Alexander VI, aliuawa na maiti yake ikatupwa katika mto Tiber, mjini Roma. Klarineti za sauti ya chini zilitiririka polepole, zikisindikizwa na selo na kontrabasi, ala za nyuzi za sauti nzito ambazo bendi za Valencia huzichanganya na ala za kupuliza. Kisha ngoma kubwa ikapigwa mara moja tu, na ukumbi mzima ukanyamaza. Nilimkumbuka yule mfanyabiashara wa mbao aliyelishuhudia tukio hilo ukingoni, ambaye alipoulizwa kwa nini hakutoa taarifa, alijibu kwamba alikwisha kuona maiti zaidi ya 100 zikitupwa hapo, na hakuna aliyejishughulisha nazo.

Ninaloilaumu kazi hii ni jinsi inavyomchora Lucrezia, binti wa papa huyo. Saksafoni zinamchezesha ngoma ya kutongoza, na kijitabu cha tamasha kinarudia hadithi ya pete yenye sumu, ilhali hakuna ushahidi kwamba alimtilia sumu mtu yeyote. Aliozwa mara tatu kwa siasa za baba yake, mume wake wa pili akauawa mwaka 1500, naye akafariki Ferrara, Italia, mwaka 1519, akiwa na miaka 39, baada ya kujifungua. Obo moja, ala ya kupuliza yenye sauti nyembamba, ikiachwa peke yake, ingemtendea haki zaidi.

Sehemu ya mwisho, ya Cesare, kaka yake Lucrezia, kuuawa Viana, Hispania, mwaka 1507, ni fupi na ilipigwa kwa ustadi. Kijitabu kimeandikwa kwa Kivalencia na Kihispania pekee, kwa hiyo mgeni ajisomee historia mapema. Achague pia viti vya nyuma. Mimi nilikaa safu ya tatu, mbele ya tromboni, na masikio yalivuma hadi nilipofika kituo cha basi.