Filta ya taa za mji kwa picha za Kilimia: uzoefu wangu

Kama unataka kupiga picha ya Kilimia, lile kundi dogo la nyota, ukiwa mjini, hii filta ya bendi mbili achana nayo. Niliazima ya mwenzangu, ile inayochomekwa ndani ya kamera nyuma ya lenzi, nikaijaribu uani kwetu Sinza, Dar.

Filta inapitisha kanda mbili nyembamba tu za mwanga: ya oksijeni kwenye nanomita 500.7 na ya hidrojeni kwenye 656.3. Kwa nebula ya Orioni, wingu la gesi linalong'aa kwa kanda hizo hizo, ni kiboko. Wekundu ulitoka mpaka mke wangu akauliza picha nimeipakua wapi. Kilimia, lakini, ni fungunyota, na nyota hutoa mwanga wa rangi zote. Ukichuja taa za mtaa umechuja na nyota. Zilififia, na ile bluu yao, maana ni nyota changa za miaka kama milioni 100, ikageuka kijani fulani hivi cha kuudhi. Usidhani filta za zamani zitakusaidia pia. Hizo zilitengenezwa kuzuia taa za sodiamu zenye mwanga wa njano wa nanomita 589. Sasa mitaa imejaa LED, ambazo mwanga wao umetapakaa kila rangi.

Nilipoitoa ile filta, mambo yakanyooka. Lenzi ya milimita 50 kwenye f/2.8 (tundu la lenzi limefunguliwa sana), stendi, ISO 1600 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), sekunde 4 kwa kila picha ili nyota zisivutike kuwa mistari. Piga nyingi uwezavyo, kisha zirundike, yaani uziunganishe kuwa picha moja, kwa Siril, programu ya bure kabisa. Picha 100 zikirundikwa, chenga hupungua mara kumi hivi. Siril ina pia zana ya kuondoa weupe wa anga, na hiyo ndiyo iliyofanya kazi niliyoitarajia kwa filta. Kwa macho naona nyota tano nikijitahidi. Kwenye picha zimejaa tele.

Kwa Dar, subiri Januari mwishoni, vuli ikishapita: saa mbili usiku Kilimia kiko juu upande wa kaskazini. Na beba kitambaa, unyevu wa huku hauna huruma na lenzi.

Ile vumbi ya bluu inayoizunguka Merope, mojawapo ya nyota za Kilimia, sijaipata. Inaakisi tu mwanga wa nyota, kwa hiyo hakuna filta ya kuitenga na taa za mji. Inataka giza la porini.