Madirisha ya Vioo Viwili Uganda: Tazama Jua Linapotokea, Kisha Mwinuko Unaoishi

Ssebo, nnyabo, karibuni. Hapa mezani kuna vipande vitatu vya kioo. Cha kwanza ni kioo kimoja cha milimita 5, kama vilivyo kwenye nyumba nyingi za Kampala. Cha pili ni vioo viwili vyeupe vya milimita 6 vyenye nafasi ya milimita 12 katikati. Kwenye karatasi ya bei fundi atakiandika 6-12-6. Cha tatu ukikitazama kinafanana sana na cha pili, ila ndani yake kimepakwa loo-i (Low-E) ya kuzuia jua, tabaka la metali jembamba mno hata unaona nje kama kawaida. Vyote vitatu vinauzwa kwa watu wanaotaka kung'oa madirisha ya zamani, na bei zake zimeachana mbali. Ukijua kila ukuta wa nyumba yako unadai nini, hutalipia kioo usichokihitaji.

Tuanze na hesabu. Karatasi ya muuzaji itakuonyesha thamani ya U. Kioo kimoja kina U ya 5.8 hivi, na 6-12-6 ya kawaida ina 2.8. Namba imeshuka nusu, na ni kweli. Lakini U hupima joto linalopita kwa sababu ndani na nje hakulingani. Kampala mchana, nje ikiwa nyuzi 29 na ndani 27, tofauti ni nyuzi 2 tu. Zidisha 5.8 kwa 2: wati 12 hivi kwa kila mita ya mraba. Kwa vioo viwili zinakuwa wati 6. Umeokoa wati 6, kiasi cha balbu ndogo ya LED.

Sasa lete jua. Saa kumi jioni dirisha linalotazama magharibi likipigwa na jua la wati 500 kwa mita ya mraba, kioo kimoja cheupe kinapitisha asilimia 85 hivi, yaani wati 425 ndani ya chumba. Vioo viwili vyeupe vinapitisha asilimia 75 hivi: wati 375. Bado chumba kinachemka. Kile cha tatu chenye upako wa kuzuia jua, kikiwa na kipimo cha g (sehemu ya joto la jua inayopita kioo) cha 0.35, kinapitisha wati 175. Kwa hiyo kwa nyumba ya Kampala, Gulu au Arua, usiulize U kwanza. Uliza g. Muuzaji asipoweza kukuonyesha g kwa maandishi ya kiwanda, chukulia kwamba kioo hakina upako wowote.

Na si kila dirisha linahitaji hicho. Sisi tuko kwenye mstari wa Ikweta, jua la adhuhuri linapita juu ya paa. Mwezi wa Juni linaegemea kaskazini kidogo, Desemba kusini kidogo. Upenu wa sentimita 60 au 80 unatosha kutia kivuli madirisha ya kaskazini na kusini karibu mchana wote. Ya mashariki na magharibi ndiyo yanayopigwa usoni, kwa sababu asubuhi na jioni jua liko chini na upenu haulifikii. Pesa za kioo cha upako zipeleke huko. Na kama mabati yako hayana dari yenye kizuizi cha joto, shughulikia hilo kabla ya dirisha lolote, maana joto la paa litakushinda hata uweke vioo vitatu.

Kabale ni habari nyingine. Huko, mita 2,000 hivi juu ya bahari, usiku nyuzi 11 ni kawaida. Ndani ukitaka 18, tofauti ni 7. Kioo kimoja kinapoteza wati 40 kwa mita ya mraba, vioo viwili wati 20 hivi. Nyumba yenye mita 10 za mraba za vioo inaokoa wati 200 usiku kucha bila kuwasha kitu. Kwa mtu wa Kabale au wa Kapchorwa vioo viwili vinajilipa kwa starehe ya kulala, na kule hata 6-12-6 nyeupe inafaa, kwa sababu jua la mchana unalitaka liingie.

Huo mwinuko una jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Vioo viwili ni chupa iliyofungwa. Hewa iliyomo ndani ni ya mahali kilipofungiwa. Kikifungwa kiwandani karibu na bahari, kikashuka melini Mombasa, kikapandishwa kwa lori hadi Timboroa, Kenya, zaidi ya mita 2,500, hewa ya nje huko imepungua shinikizo kwa zaidi ya robo. Ile ya ndani inasukuma vioo kutoka tumboni. Hata kikifika Kampala, mita 1,200 hivi, tofauti bado ni asilimia 13. Kabale ni asilimia 21. Vioo vinatuna, na picha ya nyumba ya jirani inajipinda juu yake kama kwenye kijiko. Kibaya zaidi, gundi ya pembeni inavutwa mchana na usiku. Vipande vidogo na vyembamba ndivyo vinavyoumia zaidi, kwa sababu kioo kifupi hakipindi, nguvu yote inakwenda kwenye gundi. Nafasi ya milimita 16 inaumia kuliko ya 12, kwa kuwa ina hewa nyingi zaidi ya kutanuka.

Dawa ziko mbili. Nunua kioo kilichofungwa hapa hapa Uganda, au agiza kilichowekewa kimrija chembamba cha kupumulia pembeni, ambacho kinasawazisha hewa safarini. Kumbuka tu kwamba kioo chenye kimrija hakishiki agoni, gesi inayojazwa katikati ili kupunguza joto linalopita, itatoka. Kwa hiyo ukiuziwa kioo cha kimrija na bado unatozwa agoni, kataa hiyo agoni.

Tukigeuza kipande hiki tuone ukingo wake. Hii alumini katikati ni spesa. Ina vitundu vidogo vinavyotazama ndani, na ndani yake kuna chembe za kunyonya unyevu. Mstari mweusi mwembamba kati ya spesa na kioo ni butili, unaozuia mvuke. Nje yake kuna gundi nene, silikoni au polisalfaidi, inayoshika vioo pamoja. Vyote vitatu vikiwapo, hicho ni kioo halisi. Kuna vingine ambavyo ni vioo viwili vilivyotenganishwa kwa utepe wa povu au kipande cha raba, bila chembe, bila butili. Vinang'aa siku ya kwanza. Msimu wa mvua ukipita vinaingia ukungu katikati, na wadudu wadogo wanajipenyeza. Ukungu wa katikati haufutiki. Kioo hicho kinabadilishwa chote. Habari njema ni kwamba fremu inabaki, unanunua kioo peke yake. Ukungu ukiwa upande wa chumbani, hiyo ni mvuke wa jikoni au wa pumzi. Ukiwa nje alfajiri, ni umande tu, na kioo ni kizima.

Kutambua upako ni rahisi. Leta kiberiti cha gesi mbele ya kioo, jioni. Utaona ndimi nne za moto, moja kwa kila uso. Zote zikiwa rangi moja, hakuna upako. Mmoja ukiwa na rangi tofauti, upako upo, na kwa joto la kwetu unapaswa kuwa uso wa pili ukihesabu kutoka nje. Kikigeuzwa wakati wa kufunga, upako unakuwa uso wa tatu na jua linaingia zaidi. Fundi afanye kipimo hiki mbele yako kabla ya kukaza kioo. Na tafadhali usibandike tinti ya gari upande wa ndani wa vioo viwili: joto linanaswa na kioo cha ndani kinaweza kupasuka chenyewe.

Kelele. Wengi wanaoishi kando ya Jinja Road wanataka vioo viwili kwa ajili ya malori na boda boda. Vioo viwili vya unene sawa vinapunguza kelele kidogo tu kuliko kioo kimoja kinene, kwa sababu vyote viwili vinatikisika pamoja kwa mlio ule ule mzito wa injini. Omba vioo visivyolingana, kwa mfano 6 nje na 4 ndani, au kimoja kiwe lamineti (vioo viwili vilivyogandishwa kwa plastiki katikati) ya 6.4. Halafu inua macho juu ya dirisha lako. Yale matundu ya hewa ukutani, yenye wavu wa mbu, yakibaki wazi, kelele inaingia kwa hapo kana kwamba hukununua kitu. Ukiyaziba, chumba kinataka hewa kwa njia nyingine, feni au kufungua dirisha la upande wa ua. Hili liamue kabla ya kulipa. Na dirisha la kusukuma pembeni, ambalo linafungwa kwa brashi tu, linavuja sauti kuliko la bawaba linalobana raba.

Fremu: alumini ya kawaida inatosha Kampala. Ile yenye kizuizi cha plastiki katikati ni ya Kabale na ya vyumba vyenye kiyoyozi, kwa sababu alumini tupu inapitisha baridi na joto ikikwepa kioo. Uzito nao uangaliwe. Kioo kina kilo 2.5 kwa kila milimita kwa mita ya mraba, kwa hiyo 6-12-6 ni kilo 30 kwa mita ya mraba. Dirisha la mita 1.2 kwa 1.2 lina kilo 43 za kioo. Bawaba za madirisha mepesi zitalegea na bawa litaanza kuburuza chini. Gawa dirisha: nusu isifunguke.

Kupima kunafanywa baada ya kuona ukuta, si kwa kufuata dirisha la zamani. Upana pima juu, katikati na chini. Urefu kushoto, katikati na kulia. Chukua namba ndogo kuliko zote, toa milimita 10. Pima na mikato miwili ya kona hadi kona. Ikitofautiana kwa zaidi ya milimita 6, tundu limepinda na litarekebishwa kwa saruji kwanza. Madirisha ya chuma ya zamani yana miguu iliyojengewa ukutani. Yanakatwa kwa grainda, na plasta itabomoka pembeni. Gharama ya plasta na rangi ziwe kwenye karatasi ya bei tangu mwanzo. Nondo za ndani zikiwa zimechomelewa kwenye fremu ya chuma, nazo zitahitaji kufungwa upya ukutani. Panga siku hiyo hiyo, usilale nyumba iko wazi.

Skrubu ya kwanza iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka kona, nyingine zisiachane zaidi ya sentimita 60. Chini ya kioo pawekwe vibao viwili vya plastiki, robo ya upana kutoka kila upande, ili ukingo usikae majini. Hapa ndipo vioo vingi vizuri vinaharibika: fundi anaziba vitundu vya kutolea maji kwa silikoni akidhani ni kasoro, maji ya mvua yanasimama ndani ya fremu, gundi inaoza, ukungu unaingia. Silikoni yenyewe iwe ya nyutro. Ile inayonuka siki inaweza kuharibu gundi ya ukingo na lamineti.

Kioo chochote kilicho chini ya milimita 800 kutoka sakafuni, au kando ya mlango, kiwe cha tempa (kioo kilichoimarishwa kwa joto), na kiwe na muhuri wa kiwanda kwenye kona. Tempa haikatwi baada ya kutengenezwa, kwa hiyo kipimo kikikosewa hakuna kurudi nyuma.

Kabla ya malipo ya mwisho, mwambie fundi alete kopo la maji, amimine taratibu lita moja kwenye reli ya chini ya kila dirisha. Maji yakitoka nje kwa vitundu na kizingiti cha ndani kikabaki kikavu, mlipe.