Uzoefu wangu na sliivu hapa Mombasa: mwezi wa tisa baada ya operesheni, na njaa bado haijarudi

Assalam alaikum, habari zenu nyote. Nshaahidi watu wengi kwamba nitaandika, haswa wale wanaonitumia meseji usiku kuniuliza kama ni kweli hamu ya kula yaisha, basi leo nimekaa niandike yote, mazuri na mabaya. Nlifanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo, ile waiita sliivu, Agosti 2024, na haya nayaandika Mei 2025. Nliingia na kilo 131, leo asubuhi mzani umesema 95. Hospitali siitaji na bei siandiki, manake kila mahali wana bei zao na sitaki mtu aende kwa jina nlilotaja mimi akapate mambo tofauti.

Operesheni yenyewe naipa tano kwa tano. Vitundu vitano vidogo tumboni, jioni ile ile nikasimamishwa nitembee kwenye varanda ya wodi, siku ya tatu niko nyumbani Kibokoni. Maumivu yalikuwepo lakini ni ya kuvumilika, kilichonisumbua zaidi ni ile gesi wanayokutia tumboni wakati wa operesheni, ilipanda mpaka begani siku mbili hivi ikaisha. Presha imeshuka, sukari ambayo ilikuwa inaanza kupanda imerudi chini alhamdulillahi, na ngazi za nyumbani kwetu, zile za mji wa kale zilosimama wima, sasa nazipanda na ndoo mkononi.

Huduma ya baada ya operesheni ndio naipa moja kwa tano, na sababu ni hii njaa.

Kabla ya kukatwa niliambiwa nitashiba haraka. Nikaelewa hivo, kwamba nitaskia njaa, nitakula kidogo, nitashiba. Hakuna aliyenikalisha chini akaniambia kwamba njaa yenyewe itaondoka, kwamba nitaamka asubuhi na mchana ufike na magharibi iingie na mwili usiniulize kitu. Nlikuja kuelezwa baadaye na mtu mwengine kabisa. Sliivu kwa kimombo ni mkono wa nguo, na ndivyo ilivyo, wanakata kama robo tatu ya tumbo au zaidi kidogo wanaitoa nje kabisa, kinachobaki ni kifuko chembamba kama mkono wa kanzu ya mtoto. Sasa ile sehemu ya juu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni inaitwa grelini, wanasayansi wa Japani waliigundua 1999, na kazi yake moja kubwa ni kuuambia ubongo una njaa. Ikitolewa ile sehemu, homoni inashuka sana. Kwa hivo si kwamba una roho ngumu au unajinyima, ni kwamba yule aliyekuwa akikuita mezani hayupo.

Wale mnaofikiria hii ni raha, mimi pia nlifikiria hivo, wiki mbili za kwanza nlifurahi kweli kweli. Maisha yangu yote nimepigana na njaa na sasa kimya. Lakini nlipotoka hospitali nlipewa karatasi moja ya chakula, kimombo kitupu, imeandikwa jibini ya aina sijui gani na samaki wa bahari za baridi huko na supu za mikebe, na nesi akanisomea haraka haraka halafu akamalizia, "utakula ukiskia njaa, usijilazimishe." Mimi nikashika neno lile. Njaa haikuja, nami sikula. Maji pia sikunywa, manake kiu nayo sikuiskia vizuri, na ukinywa fundo kubwa kifua kinauma. Nikipiga simu ile namba ya kliniki naambiwa daktari yuko tieta, chumba cha operesheni, tutakupigia. Hawakupiga.

Wiki ya sita nlikuwa navuka feri kwenda Likoni kwa mamangu, saa saba ya mchana, watu wamejaa, jua kali. Nikaona maji ya bahari yameng'aa meupe halafu magoti hayapo. Nlipofungua macho nimekalishwa chini, kuna mama mmoja muuza mihogo amenilaza kichwa kwenye paja lake ananipepea na ncha ya leso yake huku akisema "mwanangu, umekula leo?" Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho nimekula lini. Ilikuwa jana yake asubuhi, nusu kikombe cha uji. Na choo kidogo, samahani lakini ni lazima niseme manake ndio dalili ya kuangalia ya kukaukiwa maji mwilini, kilikuwa rangi ya chai ya mkandaa tangu siku tatu nyuma na sikujua maana yake. Nikapelekwa kasholti, pale pa wagonjwa wa dharura, nikatiwa dripu mbili.

Yule daktari wa kasholti, Mungu amjaalie, ndiye alonipeleka kwa dada mmoja wa lishe kwenye kliniki nyengine. Na huyu dada ndiye naandika kwa sababu yake, kwa huduma yake nampa tano na ningekuwa na sita ningempa. Hakunipa karatasi. Kitu cha kwanza aliniuliza, "Dada, kwenu mwapika nini siku ya kawaida?" Nikamtajia, samaki wa kupaka, mbaazi za nazi, pojo, mchicha, mahamri asubuhi, wali, viazi vya karai mtoto akitoka madrasa. Akaandika yote, halafu akaanza kuyapanga moja moja, hili sasa, hili mwezi wa tatu, hili ngoja, hili mara moja moja tu. Nlilia pale ofisini kwake manake kwa mara ya kwanza chakula changu kilikuwemo.

Halafu akaniuliza, "Njaa huiskii, adhana waiskia?" Nikamwambia naishi baina ya misikiti mitatu. Akasema basi ndio saa yako ya kula. Baada ya alfajiri kidogo, baada ya adhuhuri kidogo, alasiri, magharibi, isha. Mara tano. Usingoje tumbo likwambie. Jamani, hili jambo dogo ndilo lililoniokoa. Mpaka leo adhana ya alasiri ikianza mkono wangu wenyewe wafungua friji.

Kipimo changu ni kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono cha wauza kahawa tungu. Miezi ile ya mwanzo kimoja kilikuwa mlo mzima. Nlianza na supu ya mifupa iliyochujwa, maziwa, maji ya dafu kidogo kidogo, baadae pojo zilizopondwa laini mpaka hazina ganda, halafu samaki. Samaki ndiye rafiki yangu mkubwa, yule aitwaye changu akichemshwa na ndimu na chumvi, namchambua kwa vidole mpaka nahakikisha hamna mwiba, natafuna mpaka amekuwa uji mdomoni ndio nameza, kisha naweka kijiko chini. Kuweka kijiko chini ni muhimu kuliko mnavyofikiri. Nyama ya ng'ombe mpaka leo inanikwama, kuku kifua pia kama ni mkavu.

Protini waniambia nisishuke chini ya gramu 60 kwa siku, sasa piga hesabu, yai moja lina kama 6, glasi ya maziwa kama 8, kipande cha samaki cha gramu 50 kama 10. Kwa tumbo la kikombe cha kahawa haifiki, ndio maana natumia ule unga wa protini, kijiko chake kimoja cha kupimia kina zaidi ya 20. Ule wa vanila sikuweza, utamu ule ulinitia kichefuchefu, nikapata usio na ladha nautia kwenye uji wa wimbi na iliki, unapita vizuri kabisa, ila usiutie uji ukichemka utaganda mabonge, ngoja upoe kidogo.

Maji nakunywa mbali na chakula, nusu saa baada ya kula ndio naanza tena, fundo moja moja siku nzima, chupa haitoki mkononi. Vidonge ni vya maisha, multivitamini, B12, chuma, kalsiamu na vitamini D, na chuma na kalsiamu sivimezi pamoja, naacha masaa mawili. Nywele zilianza kutoka mwezi wa nne baada ya operesheni, zinajaa kwenye chanuo mpaka natetemeka, mwezi wa nane zikaanza kurudi, vinywele vidogo vidogo mbele kama vya mtoto. Yaambiwa ni kawaida mwili ukipungua haraka, lakini ukiwa huli protini ndio zaidi.

Na kukwama nako niwaambie manake watu huogopa kuuliza. Harusi ya binamu yangu, mwezi wa tatu baada ya operesheni, pilau imeletwa sinia nzima na mimi nataka tu nionekane nakula kama wenzangu. Vijiko vitatu haraka haraka huku naongea. Maumivu yakaja hapa katikati ya kifua kama kuna ngumi ndani, mate yakajaa mdomoni, mate ya povu yasoisha, nikatoka na leso mdomoni mpaka nyuma ya jikoni yakatoka yote. Baada ya dakika kumi niko sawa. Hii ikitokea mara moja kwa haraka zako ni jambo moja, lakini ukitapika siku baada ya siku usikae nyumbani ukisema itapita, nenda hospitali, vitamini B1 inaisha mwilini haraka na ikiisha yadhuru mishipa ya fahamu.

Ramadhani ya mwaka huu ndio ilikuwa ngumu kuliko vyote. Daktari aliniambia nisifunge, manake maji na protini za siku haziwezi kuingia usiku mmoja kwenye tumbo hili, nitalipa inshaallah nikiruhusiwa. Lakini futari nlikwenda kwa mamangu kama kila mwaka. Kaimati, tambi, viazi vya nazi, mkate wa mofa, kila mtu anangoja adhana, watoto wameshika tende mkononi macho kwenye mlango, na mimi nimekaa katikati yao sina ile hamu. Harufu ya iliki naiskia, naijua, lakini hainiiti. Nliskia upweke ambao siwezi kuuelezea, kama watu wote wanaongea lugha ambayo mimi nlikuwa naijua. Kwetu mtu akikupenda anakupakulia, na mamangu kwa miezi yote ile alikuwa akinitazama sahani yangu halafu ananyamaza, najua moyoni alikuwa akijiuliza kama nimekataa mkono wake.

Nikamweleza siku ile, baada ya tarawehe, yote, homoni, adhana, kikombe. Alinisikiza mpaka mwisho. Kesho yake nlipokwenda, kwenye kiti changu hapakuwa na sahani. Palikuwa na kikombe cha kahawa, kimejaa mchuzi wa samaki wa kupaka na juu yake vipande vya changu ameshavichambua miba.

Daktari asema kwa wengi hamu hurudi taratibu, mara nyingi baada ya mwaka hivi, si kama ya zamani lakini hurudi. Mimi bado. Wanaouliza kama ningefanya tena, ndio, ningefanya, lakini ningemtafuta yule dada wa lishe kabla ya kumtafuta daktari wa kukata, na ningewauliza hospitali nani atashika simu yangu mwezi wa pili. Jana saa kumi kasoro nlikuwa kwenye tuktuk natoka Kongowea, simu ikalia, mamangu. Hata salamu hakutoa, "Alasiri ishaadhiniwa huku, ushakula?"