Greeneville, Tennessee: duka la fundi nguo aliyekuja kuwa rais

Kama we ni fundi nguo na uko Marekani, ukipita Tennessee usiache kuingia Greeneville. Hawalipishi kiingilio hata senti. Duka lenyewe la Andrew Johnson, huyo fundi aliyekuja kuwa rais wa Marekani, ni kibanda cha mbao, 1923 wakajenga jengo la matofali kulizunguka, yaani unaingia ndani ya nyumba unakuta duka la mtu limesimama humo humo.

Mi nashona, mama alinifundisha kwenye cherehani ya kukanyaga, basi nilisimama pale mpaka mke wangu akaja kunitoa. Kadogo jamani! Na nguo zote zilitoka humo kwa sindano na mkono, maana Singer alipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya cherehani yake 1851 na jamaa wakati huo alishaiacha meza ya kukatia yuko bungeni.

Alizaliwa Raleigh, North Carolina, 1808, baba akafa yeye ana miaka mitatu, akawekwa kwa fundi kwa mkataba ajifunze kazi. 1824 yeye na kaka yake wakatoroka, bosi akatangaza gazetini dola 10 kwa atakayewarudisha. Aliyekaa kwa fundi mkali anajua kwa nini mtu anakimbia. 1826 ndo akafika Greeneville, mwaka uliofuata akamuoa Eliza, huyo mama ndo alimfundisha kuandika na hesabu, na Johnson alikuwa analipa mtu amsomee huku yeye anashona. Kwetu kwa mama ilikuwa redio, mkono unafanya kazi sikio liko shule, kwa hiyo hapo nilimwelewa kabisa.

Halafu mali. 1831 alishanunua nyumba na hilo jengo la duka, baadae shamba akamweka mama yake, 1851 nyumba kubwa ya matofali ambayo nayo mnatembezwa, na wameacha maandishi ya wanajeshi ukutani toka enzi za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Ila ukiwa pale muulize anayewatembeza habari za Dolly na Sam, usione aibu. Hao ni watu aliowanunua. Hapo ndo niliumia kwelikweli, mtoto yatima aliyetangaziwa dola 10 kwenye gazeti kama mbuzi aliyepotea, anapata hela ya sindano anaenda kununua binadamu! Inasemwa aliwaachia huru tarehe 8 Agosti 1863, na watu weusi wa Tennessee wanaisherehekea siku hiyo mpaka leo. Lakini huyo huyo akiwa rais, 1866 aliikataa sheria ya haki za raia iliyowalinda watu weusi, bunge likaipitisha bila yeye.

Wana tiketi ya mfano wa kesi yake ya kutaka kumng'oa urais ya 1868, ile aliyoponea kwenye Seneti kwa kura moja, unapiga na wewe kura yako abaki au aondoke. Ushonaji wake nauheshimu sana na nyota tano nawapa. Kura nimepiga aondoke.