Mifuko ya usukani kwenye baridi kali: uzoefu wangu

Kwenye baridi kali, vidole ndivyo vinavyomkatisha mtu safari ya baiskeli. Miguu inapiga pedali na kiwiliwili kinajitengenezea joto, lakini mikono imetulia palepale ikipigwa na upepo. Tena mwili ukipoa hubana mishipa midogo ya damu ya vidoleni ili joto libaki kwenye moyo na maini. Hewa ikiwa nyuzi 5 chini ya sifuri, mwendo wa kilomita 25 kwa saa huifanya ngozi iliyo wazi ihisi kama nyuzi 12 chini ya sifuri. Ukiongeza unene wa glavu unapoteza breki: wenzo wa breki, yaani mkono unaouvuta kwa vidole, huusikii vizuri, na kidole gumba kinaruka gia mbili ulipotaka moja.

Mifuko ya usukani huvishwa kwenye ncha mbili za usukani wa baiskeli, mkono ukaingia ndani ukiwa na glavu nyepesi tu. Niliyonayo ni ya usukani ulionyooka. Nje ni nailoni isiyopitisha upepo, ndani flisi (kitambaa chenye manyoya laini), na ukingo wa mdomo una waya wa plastiki unaouweka wazi. Waya huo ndio ulionifanya niichague. Mfuko wenye mdomo unaolegea na kujifunga ni hatari, kwa sababu ukitoa mkono kuonyesha unakokata kona, kuurudisha inabidi upapase huku breki haina mtu. Kabla ya kununua, vaa glavu zako na uingize mkono mmoja bila kusaidiwa na mwingine. Ukikwama, acha. Usukani uliopinda wa baiskeli za mbio una mifuko ya umbo lake, na hii haiuingii hata ukilazimisha.

Kufunga si kazi kubwa, ila kuna mahali pa kuwa makini. Kengele na taa vihamishie katikati ya usukani kwanza, maana vikibaki ndani havina faida. Pitisha mfuko kuanzia kwenye ncha ya usukani mpaka wenzo wa breki uwe ndani wote, toa nyaya za breki na gia kwenye mpasuo wa mbele, kisha kaza velkro, yaani utepe wa vijino vinavyonasana. Geuza usukani mpaka mwisho kushoto, halafu kulia, uone kama kuna waya unaovutwa. Baada ya hapo inua gurudumu la mbele ulizungushe. Likikwaruza, kitambaa kimelala juu ya wenzo. Hili ndilo kosa linalojirudia zaidi, na chanzo chake huwa ni waya wa breki au gia uliokunjwa ukakivuta kitambaa. Kwa breki za majimaji, zinazosukumwa na mafuta badala ya waya, mguso mdogo tu unatosha pedi zisugue diski njia nzima.

Mdomo wa mfuko unatazama nyuma, kwa hiyo upepo hauingilii hapo. Unaingilia kwenye ule mpasuo wa nyaya, ambao unatazama mbele, na velkro ya kiwandani haiuzibi wote. Kipande cha sponji chenye unene wa kidole, kilichochanwa upande mmoja na kupachikwa kuzunguka nyaya, kimeniondolea ubaridi wa kidole cha shahada. Sijui kwa nini watengenezaji hawakiweki wenyewe.

Hata hivyo wenzo wa chuma unaendelea kunyonya joto la vidole, hasa dakika za mwanzo. Dawa yake ni ule mrija wa mafundi umeme unaosinyaa ukipashwa moto: uvishe sehemu inayoguswa na vidole tu, mbali na kiungo cha wenzo. Hewa moto ipige kwa umbali, maana wenzo wa majimaji una mipira na mafuta ndani.

Kwangu, kati ya sifuri na nyuzi 10 chini ya sifuri, glavu nyembamba za sufu zinatosha. Ikishuka zaidi navaa za unene wa kati. Ikipanda juu ya nyuzi 5, ivue mifuko kabisa: mikono hutoka jasho, na glavu yenye unyevu ikitoka nje kutoa ishara hupoa papo hapo.

Kasoro nyingine ni za kuvumilika. Upepo wa ubavuni huisukuma mifuko, na mteremkoni utauhisi usukani ukivutwa. Ukiegesha nje theluji inajaa ndani, kwa hiyo kunja midomo au funika usukani wote kwa mfuko wa plastiki. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu pia huziba vijino vya velkro mpaka ikaacha kushika. Isugue kwa mswaki mkavu, kisha ufue mifuko kwa mkono na maji ya uvuguvugu, flisi ikiwa imegeuzwa nje, uikaushe mbali na jiko.